Kesi ya Bi Shuruti Kanisani Mabatani

Lami tuliiacha zamani. Kupita Ndavaya barabara iligeuka vumbi jekundu, kisha ikawa mistari miwili ya magurudumu kati ya vichaka, na mwisho ikawa ni rai ya dereva tu. Nilikuwa nyuma ya pikapu nimepakata spika ya kanisa. Upande huo wa Kwale sikuwa nimewahi kufika, na kila lilipotokea boma lenye mbuzi wawili watatu nilidhani ndiyo Mabatani. Mbele, katikati ya dereva na mzee wa kanisa, alikaa Judy Chome, na hadithi hii ni yake.

Judy alikuwa akirudia vipimo kimoyomoyo. Mapazia kumi. Urefu dhiraa ishirini na nane, upana dhiraa nne. Vitanzi hamsini upande huu, vitanzi hamsini upande ule. Lilikuwa somo la ile hema ya jangwani ya wana wa Israeli, na si yeye aliyelichagua. Lilichaguliwa na Mzee Garama, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekaa kushoto kwake na daftari magotini.

"Hapo hakuna mahali pa kulia," Garama alikuwa amemwambia alipompa somo hilo. "Hakuna mwana aliyepotea, hakuna mjane, hakuna anayefufuka. Ni dhiraa tu. Nataka nimwone mhubiri, Judy. Mwigizaji nimeshapewa habari zake."

"Na mikono, mzee?"

"Mikono iwe juu ya meza."

"Nikitaka kutembea je?"

"Utembee kwenda wapi? Simama, sema, keti."

Kanisa lao, jengo dogo pale Mwabungo, lilikuwa na kanuni. Anayetaka kuwa mwinjilisti huhubiri mara tatu mahali patatu mbele ya mzee mmoja, naye mzee hulipelekea baraza neno. Mara mbili zilikuwa zimekwisha. Hii ilikuwa ya tatu. Mabatani ilikuwa na mwaka wa pili bila mwinjilisti, watu wakisali wenyewe na kuzikana wenyewe, na Judy aliomba apewe Mabatani kwa jina, kwa sababu mamake alitoka pande hizo. Garama akisema ndiyo, atawekewa mikono na kutumwa huko. Akisema la, asubiri hadi mwakani. Judy alikuwa na miaka arubaini na sita, ameiacha kazi iliyomfanya ajulikane Pwani nzima, na mwaka mmoja aliuona mrefu.

"Mama Shuruti, jishike, kuna korongo mbele," dereva alisema. Huyo ni Baya, mwenye pikapu.

"Baya, mimi ninaitwa Judy."

"Ndiyo, Mama Shuruti."

Garama alikohoa. Aliandika kitu daftarini, ingawa gari lilikuwa likiruka kama panzi.

Judy alizaliwa mara ya pili akiwa na miaka thelathini na minne, na aliyemzaa ni samaki. Kabla ya hapo alikuwa dobi wa hoteli moja Diani. Alipiga pasi mashuka siku nzima, na akitoka kazini alikwenda kubishana bei sokoni, kwa kupenda tu, kama wengine wanavyokwenda kuogelea. Siku hiyo alikuwa Mwabungo anabishana juu ya changu mmoja aliyechoka. Alimweleza mchuuzi ukoo wa yule samaki, alivyozeeka, ndugu waliomlilia, na aibu waliyonayo huko baharini kusikia bei anayotajwa. Watu walikusanyika. Mtu mmoja wa kofia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogelea na kumwuliza kama anaweza kuyasema yale tena mbele ya kamera.

"Yote?"

"Yote. Na samaki uwe naye."

Mwezi uliofuata akawa mavyaa. Tamthilia ilirekodiwa katika nyumba ya kukodi Galu, ikaonyeshwa miaka saba. Bi Shuruti alikuwa mama mkwe tajiri mwenye shuruti kwa kila jambo: kuingia kwake kwa shuruti, kukaa kwa shuruti, hata kupumua. Kila alipotaka kumtesa mkaza mwana wake alinyoosha leso begani, akatazama dari, akasema, "Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi." Hapo alisema robo saa. Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni wanawake waliliiga neno hilo jikoni kwao. Wauza nyanya wa Ukunda walimnyima nyanya. Mama mmoja alimzaba kofi dukani, kisha akamwomba wapige picha pamoja.

Mkaza mwana aliigizwa na Fauzia, msichana wa Msambweni. Kwenye tamthilia alikuwa mpole wa kutia huruma, na nje ya kamera alikuwa na mdomo ambao hata Judy aliuheshimu. Fauzia alimwita Judy mama, na hakuwa anaigiza.

Watu hupenda mhubiri aliyetoka matopeni, na wengi wamejaribu kumtafutia Judy matope hayo. Hayapo. Aliipenda kazi ile. Alikwenda alfajiri akiwa na furaha, akarudi jioni akiwa na furaha, na kwa kazi hiyohiyo alimjengea mamake nyumba ya mawe. Kilichomtoa ni kipindi kimoja tu cha mchezo, na hata hicho hakikuwa na ubaya.

Ilikuwa ni sala. Bi Shuruti, ambaye kwa siku nyingi amekuwa akimtilia mkaza mwana wake kitu ndani ya chai, anapiga magoti kando ya kitanda mbele ya mwanawe na kumwombea mgonjwa ili asishukiwe. Maombi ya uongo, ya machozi mengi. Mwongozaji hakuridhika. Mara sauti ilizidi, mara jua liliingia dirishani, mara jogoo wa jirani aliwika. Kila waliporudia, Judy alirudi hatua tatu hadi mlangoni, akavuta pumzi, akaanza upya. Walirudia mara kumi. Mara ya kumi na moja mwongozaji akasema "kata," na Judy hakukata.

Aliendelea. Maneno ya karatasini yaliisha, yakaja mengine. Alimwombea Fauzia kwa jina lake halisi, akamwombea mtoto wa Fauzia, mama wa mwongozaji aliyekuwa na presha, na yule kijana mshika taa ambaye mkewe alikuwa amerudi kwao. Fauzia alifumbua jicho moja kitandani. Hakuna aliyesogea. Judy alipomaliza aliinuka, akajipangusa magoti, akauliza, "Imetosha?"

Mwongozaji alikuwa akifuta miwani. "Imetosha," alisema.

Sala ile ilionyeshwa, ikakatwa pale majina yanapoanzia. Na Pwani nzima ikasema kwamba Bi Shuruti hakuwahi kuigiza vizuri kama siku ile.

"Walinisifu kwa kitu kimoja tu ambacho sikukiigiza," Judy humwambia anayemwuliza, na husema hivyo akicheka, kwa maana hata yeye huona ni kichekesho. Lakini kilimkaa. Aliumaliza mwaka ule wa kurekodi, akaaga. Mwandishi wa tamthilia alikuwa na mpango wa kumfanya Bi Shuruti atubu katika kipindi cha mwisho, lakini Judy alikuwa ameshaondoka, kwa hiyo waliunganisha picha za zamani: Bi Shuruti anashika sanduku, Bi Shuruti anapanda teksi, na mtumishi anasema amehamia Omani. Bi Shuruti hakumwomba mtu radhi. Judy hakulifikiria jambo hilo tena. Alijiandikisha chuo cha Biblia, masomo ya Jumamosi, akasoma miaka miwili, akaenda kwa Mzee Garama kutaka kujaribiwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa Tiwi. Alisimama, akafungua mdomo, na mazoea yakamtangulia: "Ndugu zangu..." Kanisa zima lilianguka kwa kicheko. Alingoja kikaisha, akaendelea vizuri kidogo, kisha neno likampotea. Hapo alifanya kosa la mtu aliyekaa miaka saba mbele ya kamera. Alisema "tena," akarudi hatua tatu nyuma hadi kwenye ukuta, akavuta pumzi, akaja mezani na kuanza mahubiri upya tangu salamu. Garama aliandika ukurasa mzima.

Shimoni alijirekebisha. Mikono mezani, macho kwenye karatasi, sauti kama ya mtu anayesoma maelezo ya dawa. Watu wawili walilala, na mmoja wao alikuwa Garama. Alipoamka aliandika neno moja: "Afadhali."

Mabatani ilitokea ghafla nyuma ya kilima: duka moja, tangi la maji, kanisa la mabati, na watu wengi kuliko nyumba. Baya alipiga honi. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Nje ya madirisha, upande wa kivuli, majirani Waislamu walikuwa wamepanga viti vya plastiki safu mbili, na mbele yao alikaa Mwanarusi, mwanamke mnene mwenye buibui na feni ya mkono, ambaye ndiye mwenye duka na ndiye mwenye televisheni ya sola iliyoonyesha Mabatani tamthilia yote miaka saba.

Judy aliviona viti vile na moyo ukamshuka. Walikuja kumtazama Bi Shuruti.

Mlangoni alimwinamia mwanamke mzee aliyekuwa amejifunga leso mbili, ya juu mpya. "Shikamoo, mama."

Yule mama alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akapita ndani bila kujibu. Kwa watu wa huku, wanaoulizana hali hadi ya kuku, hilo ni tusi la kutosha. Garama aliliona. Judy alimwona Garama akiliona.

Waliimba, wakasali, Judy akaitwa. Aliweka mikono juu ya meza.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mapazia ya hema yalikuwa kumi."

Hakuna aliyecheka. Alisema urefu, akasema upana. Alipofika kwenye vitanzi hamsini alinyanyua macho na kugundua kwamba hakuna mwanamke hata mmoja anayemtazama. Walikuwa wamekunja mikono, macho chini. Na katika safu ya mbele yule mama wa leso mpya alikuwa amegeuza kiti chake kizima, akaelekea ukutani, mgongo kwa mhubiri.

"Vitanzi hamsini," Judy alisema tena, sauti ikipungua, "upande wa pili..."

Kiti kililia. Yule mama alisimama na kugeuka. Aliitwa Nyevu, mkubwa wa kina mama wa Mabatani, mwenye wajukuu thelathini na kauli moja.

"Mwanangu, salamu yako niliisikia. Sikuijibu kwa sababu nina kesi nawe."

"Mama Nyevu," Garama alisema, "tuko katikati ya neno."

"Na mimi nina neno, mzee. Langu ni fupi kuliko hayo mapazia." Akamrudia Judy. "Yule msichana. Mkaza mwana wako. Ulimwomba radhi?"

Vijana wa nyuma waliangua kicheko. Mama Nyevu aliwatazama, kicheko kikafa.

"Mama, ile ilikuwa tamthilia," Judy alisema taratibu. "Tulikuwa tunaigiza."

"Unatuona sisi mbuzi? Najua mliigiza. Najua hata ile chai haikuwa na kitu, labda hata sukari haikuwa nayo. Lakini mimi sikuwa ninaigiza! Hasira yangu ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nikitoka dukani kwa Mwanarusi chakula hakishuki. Miaka saba! Halafu ukabeba sanduku lako ukaenda Omani, hukumwambia mtu pole. Sasa hasira ile niipeleke wapi? Uwe mwinjilisti wangu, unizike siku yangu, na mimi nimekufungia moyo?"

"Sema, mama," sauti ilitoka dirishani. Ilikuwa ya Mwanarusi.

Wanawake wote walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, na hapo Judy alielewa kwamba hawakuja kutazama. Walikuja kwenye kesi. Waduruma, wenyeji wa huku, wana jambo liitwalo kuhatsa. Mtu aliyekuwa na hasira na mwenzake, hata ikiwa ni ya haki, huchukua funda la maji mdomoni, akampulizia aliyemkosea na kumtamkia heri, na tangu hapo kilichokuwa kifuani kimetoka. Bila hivyo hasira hukaa, na wanasema humdhuru anayekasirikiwa hata kama mwenye hasira mwenyewe hataki. Mama Nyevu hakutaka kumdhuru mhubiri. Alikuja na kikombe.

"Hizo ni mila," Garama alisema. Alikuwa ameshika kalamu. "Hapa ni kanisani."

"Na maji ni ya tangi la kanisa. Nimeyachota mwenyewe."

Judy aliitazama mikono yake juu ya meza. Alijua vizuri kila kitu kilichokatazwa: kutembea, magoti, machozi. Akibaki pale na mapazia yake, Garama ataandika "afadhali" ya pili na Mabatani itakuwa yake kwenye karatasi, na akina mama hawa watampa mgongo kila Jumapili. Akishuka, ataonekana Bi Shuruti mwenyewe, na ukurasa mwingine utajaa. Alivuta pumzi. Mguu wake ulitaka kurudi nyuma hatua tatu, kama ulivyozoea. Badala yake alizunguka meza, akashuka, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo mbele ya Mama Nyevu.

"Nihesabieni," alisema. "Moja moja. Sitaki kuomba radhi kwa jumla."

Kanisa lilipasuka kwa sauti. Kila mmoja alikuwa na lake.

"Ulificha barua ya mumewe!"

"Nisameheni."

"Ulimpa mtoto wake jina la punda wenu!"

"Nisameheni, hilo hata mimi liliniuma."

"Ulichukua cherehani yake ukampa mpwa wako!"

"Nisameheni."

"Ile siku ya wageni," alisema mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, amesimama juu ya vidole ili asikike, "ulimmwagia sukari kwenye mchuzi wa samaki, ukawaambia watu hajui kupika!"

"Haikuwa sukari," alisema Mzee Garama. "Ilikuwa chumvi."

Vichwa vyote viligeuka. Hata viti vya nje vilisogea.

"Mzee," Baya alisema kutoka mlangoni, "si ulisema huna televisheni?"

"Sina. Ni kwa shemeji yangu. Nilikuwa nikipita tu."

"Ukipita miaka saba?"

Mwanarusi alicheka mpaka feni ikamtoka mkononi. Mama Nyevu hakucheka. Alimtazama mwalimu yule kwa macho ya mtu aliyepata shahidi. "Basi na wewe umo," alisema. "Kaa karibu."

Dirishani Mwanarusi alikuwa amepata pumzi. "Ngojeni kwanza, jamani. Mwenye kesi hayupo. Sisi tutatoaje hasira, na yule msichana mwenyewe hatujui kama amesamehe?"

Hoja hiyo iliwashinda wote. Judy alisema anaweza kumpigia. Simu yake haikuwa na mtandao, ya Baya haikuwa na chaji, na ilidhihirika kwamba Mabatani laini iliyoshika ni ya Mzee Garama peke yake, tena akisimama juu ya benchi kwenye pembe ya dirisha la mashariki na kuinyanyua simu juu. Alikataa. Kina mama walimwomba. Alikataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha mwalimu wa hesabu mwenye miaka sabini na moja akavua viatu na kupanda benchi.

Simu iliita mara tano.

"Nani?" ilisema sauti ya Fauzia, na nyuma yake kelele za saluni ya Ukunda.

"Ni mimi, mwanangu," Judy alisema kutoka chini.

"Mama Shuruti! Umeshakula wewe?"

Kanisa lilipiga kelele kama timu imefunga bao. Garama aliyumba, akashikwa miguu na vijana wawili.

"Fauzia, niko kanisani Mabatani. Watu wote wanakusikia."

"Astaghfirullah! Shikamooni wazee wangu!"

"Marahabaaa!"

Mama Nyevu alisogea chini ya simu, akainua kidevu. "Mwanangu, mimi ni Nyevu. Mavyaa wako yuko hapa amepiga magoti. Wewe umemsamehe?"

Kelele za saluni zilipungua. Labda Fauzia alitoka nje. Aliposema tena, mdomo wake maarufu ulikuwa umetulia.

"Mama, nilipojifungua kabla ya siku zangu, mume wangu alikuwa safarini. Aliyekaa nami siku tisa, akinifulia, akininywesha uji, ni huyo mavyaa. Alikuwa akitoka kwangu anakwenda Galu kuninyanyasa mbele ya kamera, halafu anarudi na uji. Sina la kumsamehe. Lakini kama nyinyi mnalo, msameheni, tafadhali. Huyo ni mama yangu. Ila cherehani yangu airudishe!"

Hapo hata Mama Nyevu alicheka. Kilikuwa kicheko cha kukwaruza, cha kitu kilichokaa muda mrefu bila kutumiwa. Alichukua kikombe, akavuta funda, akainama na kulipuliza kifuani mwa Judy kama mvua ndogo.

"Kilichokuwa moyoni mwangu kimetoka," alisema. "Ukalale vizuri, ule ushibe, mdomo wako uzae mema. Marahaba, mwanangu. Ile ya mlangoni."

Wakaja wengine. Kikombe kilijazwa mara nne. Wengine walipuliza kwa adabu, wengine walikuwa na hasira nyingi na funda kubwa. Mwanarusi aliomba chake kipitishwe dirishani, akasema bismillahi, akapuliza kutoka hukohuko na kumlowesha pia katibu wa kanisa. Mwisho Mama Nyevu alimpelekea kikombe Garama, ambaye alikuwa bado juu ya benchi na simu mkononi.

"Kunywa, mzee. Wewe una hasira kuliko sisi."

Garama alikitazama kikombe. Alishuka, akanywa funda dogo la kimwalimu, akalipuliza, matone matatu hivi. Alisema kitu midomoni ambacho Judy peke yake alikisikia, na ambacho hajakisema kwa mtu.

Kitambaa cheupe cha Judy kilikuwa kimeganda kichwani. Kama alilia, hakuna aliyejua, uso wote ulikuwa maji. Alijaribu kuinuka arudi mezani, lakini wanawake walikuwa wameshakaa sakafuni kumzunguka, kwa hiyo alihubiri hapohapo.

"Sijamaliza mapazia," alisema, nao wakacheka. "Mama, naazima leso yako. Na wewe yako."

Alizinyoosha leso mbili ubavu kwa ubavu. Akawauliza: moja hii inamfunika nani? Mtu mmoja, tena mwembamba. Mbili zikilazwa pamoja bila kushonwa? Upepo ukija, umebaki uchi. Akaonyesha vitanzi vilipokuwa, hamsini huku na hamsini huku, na vifungo vya kuvishikanisha, ili hema iwe moja. Akawaambia kwamba Mungu aliyeumba mbingu bila kupima aliona vema kukaa chini na Musa ahesabu naye vitanzi, kimoja kimoja, kwa sababu hapo pa kuunganisha ndipo pagumu. Alisema dakika saba. Mikono yake ilikwenda ilikotaka. Mara moja neno lilimpotea, akamwuliza mama wa mtoto mgongoni, "Nilikuwa wapi?" naye akamwambia, "Kwenye vifungo," akaendelea.

Nje, jua lilikuwa juu kabisa. Kuondoka kulichukua muda mrefu kuliko ibada. Kina mama walileta kunde, wakaleta maboga, wakaleta jogoo wawili waliofungwa miguu, na mwisho Mama Nyevu akaleta beberu mweusi mwenye maoni yake, akafungwa nyuma ya pikapu pale nilipokuwa nimekaa asubuhi. Judy alijikaza mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Nilikuwa nimesimama dirishani, nikamsikia akiuliza.

"Mzee, umeandika nini?"

Garama alikuwa akifunga kamba za viatu. "Sikuandika. Nilikuwa nimeshika simu."

"Basi baraza utaliambia nini?"

Mzee alifunga kamba ya pili, akaivuta, akaridhika nayo. "Nitaliambia likuwekee mikono Jumatano. Jumapili uje huku, na godoro lako. Huku hawana magodoro ya wageni, nimeuliza."

Judy alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Baya alipiga honi ndefu isiyo na sababu, na watoto wa kijiji kizima wakaitikia.

Kisha Baya alitazama nyuma, akamtazama beberu, akanitazama mimi. "Mmoja wenu abaki," alisema. "Na huyu mbuzi anangojwa na baraza." Akaahidi kunirudia kesho, au siku nyingine.

Pikapu iliondoka, ikasimama kwenye boma la kwanza kwa sababu wenyewe hawakuwa wamemshika mhubiri mkono. Ikasimama boma la pili. La tatu Judy alishuka kabisa, tukamwona kwa mbali, doa jeupe la kitambaa, akiinama kwa mtu aliyekaa chini, akikaa huko muda, akirudi garini mbio. Halafu vumbi, halafu hata vumbi likatua.

Nyuma yangu kina mama walikuwa wameshaanza kugombana, kwa sauti za furaha tupu, juu ya nani atakayempa chumba. Mwanarusi alisema kwake kuna sakafu ya saruji. Mama Nyevu akamwuliza saruji inamsaidia nini mtu wa Mungu, akanisukumia kiti kimoja cha plastiki kwa mguu, akaniambia nikae, ubwabwa wa kunde uko karibu kuiva.